Ukoko wa Kunguru



Kila baada ya Alfajiri mimi humwaga ukoko wa ugali uani kwetu hapa Juba. Kunguru wawili, weusi wenye vifua vyeupe, hunisubiri ukutani. Majuzi mwenzangu wa chumba akaniuliza, "Vipi unamlisha fasiki?"

Hakukosea. Mtume (s.a.w.) alimtaja kunguru miongoni mwa wanyama watano waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, na katika riwaya moja ya Muslim ni yule mwenye rangi mbili, kama hawa wetu. Ni kweli pia alifundisha kuwa kumtendea wema kila kiumbe hai kuna ujira. Lakini Imam Nawawi aliwatoa hao watano katika fadhila hiyo. Basi sidai thawabu. Na wakinyakua kifaranga cha jirani nitaacha siku hiyo hiyo. Haki ya jirani haina mjadala.

Kinachonirudisha uani ni Surat Al-Maida, aya ya 31. Mwana wa Adam alimuua nduguye, asijue afanye nini na maiti. Mwenyezi Mungu hakumtuma malaika, alimtuma kunguru afukue ardhi. Muuaji akajuta kwamba ameshindwa hata kuwa kama ndege yule.

Sisi wa mji huu, ambao Desemba 2013 na tena Julai 2016 maiti za ndugu zetu zililala barabarani bila wa kuzistiri, tunaisomaje aya hiyo? Mimi nikiikumbuka, ukoko mkononi, naona haya kumfukuza kunguru.