Malaika Hakumchapa Eliya



Vijana wenzangu, tufungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya, yule aliyeomba moto ukashuka pale Karmeli, sasa yuko jangwani. Anakaa chini ya mti, anamwomba Mungu afe, kisha analala.

Hebu fikiria angekuwa mwanafunzi amelalia dawati. Tungesemaje? "Mvivu huyo." "Anadeka." "Hasali." "Ana pepo." Na fimbo zingefuata. Lakini malaika hamchapi Eliya, wala hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena. Anarudi mara ya pili kumlisha, maana safari bado ni ndefu. Sauti ya Mungu pale Horebu inakuja baadaye. Kwanza mkate.

Katika mwaka wangu wa kichungaji ninafundisha dini kwenye sekondari moja jirani na Kariakoo. Pita Mtaa wa Kongo jioni: baadhi ya wale wanaouza soksi na mifuko ni wanafunzi waliovua sare tu. Usiku wanamsaidia mama kufunga bidhaa, alfajiri wanabanana kwenye mwendokasi kuwahi namba. Na wapo walioshuhudia jengo likiporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kifusi kiliondolewa kwa mitambo. Hofu iliyobaki kifuani mwa mtoto haina mtambo wa kuiondoa.

Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu alinifuata baada ya kipindi. "Frateri, hivi mtu akiwa na huzuni kila siku, ina maana imani yake ni ndogo?"

Nikamwambia hapana. Yesu mwenyewe alilemewa na huzuni Gethsemane, akataka rafiki zake wakeshe naye. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anataja vinavyotuliza huzuni: mambo yanayofurahisha, machozi, marafiki wanaotuhurumia, kuutafakari ukweli, usingizi na kuoga. Ndiyo, kuoga! Mwalimu wa Kanisa alijua kwamba binadamu ni mwili na roho pamoja. Kimoja kikiumia, kingine hakibaki salama.

Lakini ipo huzuni inayovuka hapo. Ikidumu majuma mawili au zaidi, usingizi ukavurugika, chakula kikakosa ladha na ulichokipenda kikawa mzigo, huenda ni sonona. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo, darasa la watu 70 (na madarasa yetu mnayajua) lina kumi.

Shule ndiyo inayowaona hao kumi kila siku, na inaweza kujifunza kuwatambua. Huko Arusha walimu wa sekondari walipewa mafunzo mafupi ya afya ya akili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa uelewa wao uliongezeka na unyanyapaa ukapungua. Hawakujengewa hospitali shuleni. Walifunguliwa macho.

Sasa wewe, juma hili, fanya kazi ya malaika.

Mguse. Yule aliyenyamaza ghafla, mwulize, "Uko sawa kweli?" Halafu sikiliza bila kumkatisha.

Mlishe. Gawana naye chapati yako wakati wa mapumziko. Wengine wanakuja shule bila kula.

Msindikize. Nendeni wote kwa mwalimu wa ushauri nasaha, kwa padre au sista mnayemwamini. Muhimbili wapo madaktari wa afya ya akili. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure. Na akikwambia anataka kufa, usiitunze hiyo siri hata kama amekuapisha. Mwambie mtu mzima siku hiyohiyo.

Usiogope kwamba hospitali inapingana na Rozari. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kusali tukiwa wagonjwa na kumpa daktari nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemlisha Eliya alipokata tamaa, utupe macho ya kumwona mwenzetu aliyechoka. Na kama aliyechoka ni mimi, unipe ujasiri wa kusema. Amina.