Uaminifu wa Karani

Twalijua fundisho la Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 16, juu ya uaminifu katika mambo madogo. Wengi wetu twalishika kama ahadi ya cheo: fanya vyema chini, nawe utapandishwa. Je, ndiyo maana yake? Tuupime mfano mmoja kutoka jimbo la Indiana, Marekani.

Huko kila wilaya huchagua kwa kura karani wa mahakama. Hutumika miaka minne, na katiba ya jimbo haimruhusu kupita miaka 8 katika kila miaka 12. Karani huyo hutunza kumbukumbu za kesi, hutoa vibali vya ndoa, tena husaidia kuendesha uchaguzi wa wilaya yake. Ni kazi ya madaftari na mihuri. Bibi Connie Lawson aliifanya katika wilaya ya Hendricks tangu 1989 hadi 1996, kisha akawa seneta wa jimbo hadi 2012.

Mwaka 2010 wananchi wa Indiana walimchagua Bwana Charlie White kuwa Katibu wa Jimbo, ambaye ndiye mkuu wa mambo ya uchaguzi. Februari 2012 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa sita, naye akapoteza cheo. Baadaye mahakama ya rufani ilitengua baadhi ya makosa hayo, si yote. Na kiini cha shauri kilikuwa nini? Anwani tu! Alishtakiwa kwamba alijiandikisha na kupiga kura kwa anwani ya nyumba ya aliyekuwa mkewe, hali amekwisha kuhamia nje ya eneo alilokuwa diwani wake. Yeye alikana.

Gavana Mitch Daniels akamteua Bibi Lawson mahali pake. Alipogombea mwaka 2014, mpinzani wake mkuu, Bibi Beth White, naye alikuwa karani wa mahakama, katika wilaya ya Marion penye mji wa Indianapolis. Makarani wawili wakaomba kura za jimbo zima. Bibi Lawson alishinda, akashinda tena mwaka 2018, akajiuzulu mwaka 2021.

Mtu atasema, "Mwaona? Ngazi ni ngazi. Aanzaye chini hufika juu." Lakini tusiharakishe. Karani hutazamwa na macho mengi: hakimu huliomba faili, wakili hulikagua, vyama vyote huziangalia kura. Uaminifu mbele ya macho hayo ni mwema, lakini haujajaribiwa wote. Mtu ajazapo anwani yake mwenyewe katika fomu, ni nani aendaye kubisha hodi ahakikishe? Hapo ndipo moyo hupimwa, awe karani au awe mkuu wa jimbo.

Sisi tuliofundisha walimu chuoni twalijua jambo hili. Mwanafunzi alifundisha vizuri sana siku ya mkaguzi. Lakini daftari la mahudhurio, je, alilijaza kila asubuhi, au Ijumaa jioni kwa kukisia? Daftari lilitueleza zaidi kuliko somo la mkaguzi.

Basi jambo dogo si kidato cha kukanyaga na kuacha nyuma. Lafuatana na mtu hata katika cheo kikubwa, na huko laweza kumwangusha. Kutaka kazi kubwa si dhambi, na ajuaye kazi ya madaftari afaa kupewa madaftari makubwa. Dhambi ni kuidharau karatasi iliyo mbele yako kwa kuwa macho yako yako juu.

Tunapochagua wazee wa kanisa na mtunza hazina, tusiulize tu, "Amewahi kushika cheo gani?" Tuulize, "Aliandika nini siku ambayo hakuna aliyetazama?" Na kila mmoja wetu ajiulize hivyo kwanza. Mungu atujalie mkono mnyofu.