Fedha ya Mtakatifu Liborius

Zamani, huko Ujerumani, Askofu wa Paderborn alikuwa pia mtawala wa inchi yake. Katika kanisa lake kuu lilikuwamo sanduku la fedha lenye masalia ya Mtakatifu Liborius, yaliyoletwa kutoka Ufaransa mwaka 836.

Mwaka 1622, wakati wa Vita ya Miaka 30, jemadari Christian wa Brunswick aliuteka mji. Alihitaji mali ya kuwalipa askari wake. Basi akalitwaa lile sanduku takatifu, likayeyushwa, zikapigwa sarafu. Juu yake akaandikisha kwamba yeye ni rafiki wa Mungu na adui wa mapadri. Upande wa pili, mkono wenye upanga unatoka mawinguni. Kumbe amri ya saba haikumzuia kulitia jina la Mungu juu ya mali ya wizi!

Mifupa ya Mtakatifu haikuyeyuka, lakini ilichukuliwa mbali. Christian akafa mwaka 1626, mwenye umri wa miaka 26 tu. Mwaka 1627 masalia yakarudishwa Paderborn, na fundi Hans Krako akatengeneza sanduku jipya la fedha. Hata leo, kila mwezi wa Julai, waamini hulibeba kwa maandamano.