Swali la Muadhini

Mtu akishajulikana mtaani kwamba anasoma kompyuta, hugeuka fundi wa kila kitu chenye waya au kioo, atake asitake. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nikiishi katika chumba cha kupanga Manzese, niliamshwa alfajiri kwa ajili ya simu zisizowaka, nikaitwa misibani kuishughulikia printa iliyogoma ilhali watu wakingoja ratiba ya mazishi, na shangazi yangu alinipigia kutoka Tanga akiwa ametuma pesa kwa namba siyo, akiamini kwa moyo safi kwamba masomo yangu yangeweza kuzirudisha. Mwisho wa Desemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, sikufungua daftari wiki nzima, maana nilikuwa nikitoka nyumba hii nikiingia ile kuunganisha ving'amuzi, na kila mlango nikiombewa dua ya kuzidishiwa elimu.

Sikuchukia, wala sichukii leo. Kazi ile ilinifunza jambo lisilokuwamo katika mtaala wetu, nalo ni kwamba mtu asemaye chombo chake kimekufa aghalabu amefazaika tu, na akiulizwa kwa upole alifanya nini mara ya mwisho na aliona nini, nusu ya tiba hupatikana kabla fundi hajagusa kitu. Nilijiona hodari wa kuuliza.

Darasani nako tulikuwa tukipungua. Somo lililotutikisa zaidi lilikuwa la kuandika programu kwa lugha ya C, ile aliyoibuni Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo ukisahau nukta mkato moja tu mwishoni mwa mstari hukurudishia makosa chungu nzima, na mengine yakitajwa mahali ambapo hukukosea. Waliotoka shule zenye kompyuta walicheka wakasahihisha. Sisi wengine, tuliokishika kicharazio kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima, tulitokwa jasho. Kila matokeo yalipobandikwa wapo waliodisko, kama tulivyosema wenyewe, na wapo walioondoka bila kufeli, kwa sababu ada haikutimia. Tulilitaja jina la aliyeondoka siku mbili tatu, kisha kiti chake kikawekwa mabegi.

Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja wa Kigoma, mpole, mwenye hati nzuri mno ya mkono. Mwalimu alipotueleza kwamba neno algorithimu asili yake ni jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, yeye aliliandika jina hilo juu ya jalada la daftari lake kwa wino mwekundu, na chini yake akapiga mistari miwili. Hakuwa na kompyuta. Aliandika programu zake nzimanzima kwenye karatasi, akazipitia kwa kidole mstari baada ya mstari, kisha jioni akaja chumbani kwangu kuzichapa kwenye laptopu yangu. Siku moja hakuja, wala ya pili, wala wiki iliyofuata. Nami nakiri kwamba nilichohisi kilikuwa faraja, maana mitihani ilikaribia na mashine ilikuwa yangu peke yangu.

Ndipo akaja muadhini wa msikiti wa jirani, mzee wa makamo ya babu yangu, ameishika flashi kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na darsa za sheikh wake aliyekwisha kufariki, na mtoto mmoja amemwambia zimefutika. Nilipoichomeka niliona kila folda imegeuka alama ya njia ya mkato yenye uzito wa kilobaiti moja, walakini flashi yenyewe ilijionyesha kuwa karibu imejaa. Nikajua kwamba kirusi kimezificha, hakikuzifuta. Niliandika amri moja fupi katika kile kidirisha cheusi, nikangoja, folda zikarejea zote. Nikaifungua ya kwanza; sauti ya marehemu ikatoka, na kikohozi chake, na jogoo akiwika kwa mbali. Mzee akainamisha kichwa, asinene neno mpaka darsa ikafika nusu.

Alipoinuka kwenda zake, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Na yule mwenzio mwenye daftari, mwanangu, mbona siku hizi simwoni? Mgonjwa?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mimi niliyekuwa nikiwauliza watu mtaa mzima simu zao zilianguka saa ngapi na wapi, sikuwa nimemuuliza mwenzangu swali hata moja. Soni iliyonishika sijapata kushikwa nayo tena.

Usiku ule nilimpigia. Alikuwa kwao, anakaa kwenye kibanda cha mjomba wake akitia watu nyimbo kwenye simu. Akanieleza habari ya ada bila kulalamika, kwa maneno machache, kama mtu aliyekwisha kuyasema mengi na nafsi yake. Nilipotaka kumwomba radhi akanikatiza.

"Mmefikia mada gani?"

Nikamwambia tumeanza viashiria.

"Hebu nisomee."

Nikalivuta daftari karibu na taa, nikamsomea polepole ili apate kuandika, hadi salio lilipokatika.