Sikio Moja, Nyoyo Nyingi

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa sauti, wa sekunde 40 hivi. Mwanamke analia. Anasema fundi mmoja wa simu amechukua picha za binti yake kutoka kwa simu aliyopelekewa kutengeneza, na sasa anamtisha. Jina la fundi hakulitaja. Alisema tu kwamba kibanda chake kiko karibu na steji. Na mtaani kwetu kibanda cha fundi wa simu karibu na steji kilikuwa kimoja tu.

Niliusikiliza mara moja, nikautuma kwenye makundi manne ya WhatsApp, nikaongeza maneno matatu yangu mwenyewe: jamani, tujihadhari sana. Kisha nikarudi kutazama chai isifurike.

Siku ya tatu kibanda kilifungwa. Hakuna aliyempiga fundi, na hilo nilijiambia mara nyingi kana kwamba ni thawabu. Watu waliacha tu kwenda. Vijana wawili walienda "kumuuliza" kwa sauti ya juu. Mwenye ploti akamwambia atafute mahali pengine. Wiki mbili baadaye ikajulikana kuwa sauti ile ilikuwa ya zamani, ya mji mwingine kabisa, na ilikuwa imezunguka steji za watu wengi kabla ya kufika kwetu. Mtu akaandika kwenye kundi, "Kumbe!" Tukahamia kwa habari za maji kupotea.

Nilipomwambia rafiki yangu kwamba roho inanisuta, alinipa jibu nililolitamani: "Acha kujitesa bana. Si wewe pekee. Sote tulisikia."

Sote. Nimeishi na neno hilo miezi kadhaa sasa. Nataka kulijibu, na jibu nililolipata limetoka mahali ambapo sikutarajia, kwenye sarufi.

Zamani, madrasa, maalim wetu alitutajia jambo kwa kupita tu. Alisema, angalieni, Qurani ikizungumza na watu wengi na ikataja kusikia, kuona na moyo kwa pamoja, kuona huwekwa katika wingi, nyoyo huwekwa katika wingi, lakini kusikia hubaki umoja. Hatukuuliza kwa nini. Tulikuwa watoto, tulitaka somo liishe tukacheze mpira. Safari hii nilifungua msahafu mwenyewe nikafuatilia.

Ni kweli. Katika Sura An-Nahl, aya ya 78, watu wanakumbushwa kwamba walitolewa matumboni mwa mama zao bila kujua chochote, kisha wakapewa sam', absar na af'ida. Sam' ni kusikia, umoja. Absar ni wingi wa basar, kuona. Af'ida ni wingi wa fuad, moyo. Mpangilio huo huo umo katika Al-Muuminun aya ya 78, As-Sajda aya ya 9 na Al-Mulk aya ya 23. Katika Al-Baqara aya ya 7 nyoyo zimetangulia, na neno la nyoyo ni jingine, ila hesabu haikubadilika: nyoyo nyingi, kusikia kumoja, macho mengi. Hata siku ya kutoa ushahidi, katika Fussilat aya ya 20, kusikia kunasimama kwa umoja huku kuona na ngozi zikisimama kwa wingi. Kiarabu kina wingi wa sam', lakini Qurani haikuutumia popote.

Mtu anaweza kusema labda masikio hayahesabiwi. Yanahesabiwa. Al-A'raf aya ya 179 inataja masikio kwa wingi na macho kwa wingi, viungo vyenyewe. Kinachobaki umoja ni ile nguvu ya kusikia.

Wanasarufi wana jibu lao. Al-Zamakhshari, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 1144, alieleza kwamba sam' asili yake ni masdari, jina la tendo, na masdari haiwekwi wingi. Sisi Waswahili tunalielewa hilo bila kufundishwa. Sema "kusikia". Sasa lete wingi wake. Hakuna. Basar nayo hutumika pia kama jina la jicho lenyewe, ndiyo maana inapata wingi kirahisi. Na hapa mfasiri wa Kiswahili hubanwa. Akiandika "kusikia na kuona", vyote viwili vimekosa wingi. Akiandika "masikio na macho", vyote viwili vimeupata. Njia yoyote atakayoshika, tofauti ile imeshapotea.

Walimu wengi wa zama zetu huongeza maelezo ya pili. Watu wakiwa mahali pamoja, wanasema, sauti inayowafikia ni moja, lakini kila mmoja anatazama kwake. Mko ndani ya matatu, konda anapiga kelele kwamba nauli imepanda. Nyote mmesikia. Ila mmoja anatazama dirishani, mwingine simu yake, mwingine anahesabu sarafu mkononi. Jicho lina kope, unaweza kulifunga au kuligeuza. Sikio halina mlango. Sauti huingia bila hodi.

Nitakuwa mkweli: maelezo ya kwanza ni sarufi, ya pili ni tafakuri. Tafakuri si ushahidi wa nia ya Mungu, na sitaki kuifanya hivyo. Lakini hata lugha yetu inaelekea upande huo huo. Tunasema tega sikio, moja, halafu tunasema fumba macho, yote mawili. Wahenga wakatuambia macho hayana pazia, ila wakasema sikio halilali na njaa. Si kanuni, maana jicho nalo hutumika peke yake. Lakini methali hiyo ya sikio inanihusu. Sikio halilali na njaa. Habari itafika tu, hata usipoitafuta.

Sasa nirudi kwenye kundi letu. Tuko watu zaidi ya 200. Sauti iliyoingia ilikuwa moja, neno kwa neno, kilio kwa kilio. Hapo rafiki yangu ana haki: kusikia kwetu kulikuwa kumoja. Ni baada ya hapo ndipo wingi ulipoanza. Mmoja alicheka. Mmoja aliogopa kwa ajili ya dada yake. Mmoja, nadhani, alikuwa na deni kwa yule fundi na akafurahi. Mimi nilitaka kuonekana mtu anayejali. Na mama mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye huandika kwa herufi kubwa tupu, aliuliza: NANI AMEONA? Hakuna aliyemjibu. Nilimsoma, nikapita.

Swali lake ndilo lilikuwa daraja kutoka sam' kwenda basar, kutoka lile linalomwingia kila mtu hadi lile ambalo lazima mtu mmoja aende akaangalie. Kutoka basar ndiko tulikopata neno busara, mzizi ni huo huo. Yule mama alikuwa na busara kwa maana kamili ya neno. Sisi wengine tulikuwa na data.

Kuna aya nyingine, Al-Israa aya ya 36. Inakataza kufuata jambo usilo na ujuzi nalo, kisha inasema kusikia, kuona na moyo, kila kimoja kitaulizwa. Soma maneno yenyewe: sam', basar, fuad. Safari hii yote matatu ni umoja. Absar imekuwa basar, af'ida imekuwa fuad. Anayeambiwa naye ni mmoja, "wewe", si "nyinyi". Walipokuwa wakikumbushwa zawadi, walikuwa wengi. Swali la matumizi limekuja kwa mmoja mmoja. Kundi limeondoka, umebaki wewe na kisikio chako, kijicho chako na kimoyo chako.

Sura hiyo ni ya Makka. Miaka baadaye, Madina, watu waliteleza hapo hapo. Bibi Aisha, mke wa Mtume (S.A.W.), aliachwa nyuma na msafara alipokuwa akitafuta kidani chake kilichopotea. Safwan bin al-Mu'attal, aliyekuwa nyuma ya jeshi, akamkuta na kumrudisha kwa heshima. Maneno yakaanza. Mji mzima ukanong'ona kwa karibu mwezi. Sura An-Nur iliposhuka kumtakasa, aya ya 15 iliwaeleza walichofanya kwa namna ambayo hunifanya nijikunyate: waliipokea habari kwa ndimi zao. Kwa ndimi, jamani. Mtu hupokea habari kwa sikio. Hawa waliipokea kwa ulimi, yaani kati ya kuipata na kuitoa hapakuwa na nafasi hata ya moyo kupita. Aya inaendelea kwamba walisema wasiyo na ujuzi nayo, wakaliona jambo jepesi, na mbele ya Mungu ni zito.

Linganisha aya hizo mbili. Kule Makka: usilo na ujuzi nalo, laka, wewe mmoja. Huku Madina: msiyo na ujuzi nayo, lakum, nyinyi wengi. Maneno karibu ni yale yale, kilichogeuka ni kiambishi cha mwisho. Onyo lilikuja kwa mtu mmoja, kosa likafanywa na wengi. Wengi hawalifanyi kosa kuwa jipya. Wanalifanya tu lionekane jepesi, kama gunia linalobebwa na watu kumi.

Je, wingi basi ni maficho tu? Hapana. Aya ya 12 ya sura hiyo inauliza kwa nini waumini, wanaume na wanawake, walipoisikia habari ile hawakudhania mema kuhusu nafsi zao. Nafsi zao! Aliyesingiziwa ni mtu mwingine, lakini aya inamwita nafsi zao. Inasimuliwa kwamba Abu Ayyub al-Ansari aliulizwa na mkewe kama amesikia wanayoyasema watu. Akasema amesikia, na ni uongo. Kisha akamuuliza, je, wewe ungefanya jambo kama hilo? Mkewe akakana. Naye akamwambia, basi Aisha ni bora kuliko wewe. Walisikia kama mji mzima ulivyosikia. Lakini habari ilipita kwanza moyoni mwao, na hapo ndipo ilipofia.

Huo nao ni wingi, tena ndio tuliouhitaji. "Sote" ya rafiki yangu ilikuwa ya kugawana lawama mpaka isibaki ya mtu. "Sote" ya aya ya 12 ingemhesabu fundi ndani yake. Ningejiuliza kama mimi, au ndugu yangu, tungepelekewa simu ya binti wa watu tungefanya vile. Ningeenda steji, mwendo wa dakika tano, nikamuuliza kwa adabu.

Mwezi uliopita niliandika kwenye makundi yote manne: ule ujumbe kuhusu fundi niliutuma mimi, na sikuwa nimeona chochote. Mawili yalikaa kimya. Katika la tatu mtu aliuliza, "Ujumbe gani?" Katika kundi la mtaa yule mama wa ghorofa ya chini aliandika: ASANTE.

Namba ya fundi ilikuwa bado kwenye kistika nyuma ya kava ya simu yangu. Nilimpigia. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, mengi yake yakianza na "sisi". Nikayaacha. Nikasema ni mimi, nikataja nilichofanya, nikaomba radhi.

Alinyamaza kidogo. Nyuma yake palisikika pikipiki na mtoto analia.

"Nimeskia, kaka," akasema, kisha akakata simu.