Je, Ni Halali Kuianza Safari Mbele ya Dhoruba ya Theluji?

Siku moja nilipokuwa nikifundisha katekisimu juu ya amri ya tano, kijana mmoja wa darasa la sita aliniuliza swali ambalo sikulitazamia. Tulikuwa tumesoma habari za Mtakatifu Bernardo wa Menthon, aliyejenga nyumba ya kuwapokea wasafiri juu ya milima ya Alpi, kwenye njia itokayo Uswisi kwenda Italia. Kijana akasema: «Mwalimu, mtu akiambiwa asitoke kwa kuwa dhoruba yaja, naye akatoka akafa, je, amejiua? Na wale waliokwenda kumtafuta, wakifa nao, ni nani aliyewaua?» Darasa zima likanyamaza, na mwalimu wao akanyamaza pamoja nao. Leo najaribu kumjibu.

Kwanza yafaa tuielewe theluji yenyewe. Ndugu zetu wa upande wa Beni na Mutwanga huuona weupe wake juu ya Ruwenzori siku mawingu yanapofunguka, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Sisi wengine twaijua kwa picha tu, na picha hudanganya, maana huonyesha kitu kitulivu na safi kama kitambaa cha altare.

Tena hatari yake haimo katika miezi ya baridi kali peke yake. Mwezi wa Januari kila mtu wa Alpi ana hofu, na hofu humlinda. Lakini mwezi wa Aprili au Mei miti ya bondeni imekwisha kuchanua, jua lapendeza, na kalenda yasema kwamba majira ya baridi yamepita. Juu mlimani theluji ya miezi mingi ingali imelala. Upepo wa joto wavuma kutoka kusini, watu wavua makoti yao. Kisha baridi yaingia ghafula, na kwa muda wa saa chache mchana mwema wageuka kuwa tufani. Theluji mpya yaanguka juu ya ile ya zamani bila kushikamana nayo vizuri. Jua likitoka kesho yake na kuilainisha, mzigo wote waweza kuteleza na kushuka kama mlima unaobomoka. Ndiyo maana viongozi wa milimani hupenda kuondoka gizani kabla ya alfajiri, ili wawe wamepita mahali pa hatari kabla jua halijawa kali.

Na dhoruba ikiwakuta watu njiani, mbingu na nchi huwa rangi moja. Hakuna juu wala chini. Nyayo zao wenyewe zafutika nyuma yao mara wanapoinua mguu. Jasho walilotoka wakati wa kupanda lageuka kuwa baridi ndani ya nguo. Halafu latokea jambo ambalo mimi naliona ni zito kuliko yote: mwili ukipoa sana, akili huanza kudhoofika wakati miguu ingali ikitembea. Mtu husema maneno yasiyo na maana, huacha kutetemeka, hutamani kuketi na kulala kidogo. Basi yule anayesema, «Nitakwenda, na hali ikiwa mbaya nitaamua huko huko,» amejidanganya. Huko huko hatakuwa tena na kitu cha kuamulia. Uamuzi wake ni wa asubuhi, mlangoni, tumbo likiwa limeshiba na viatu vikiwa vikavu.

Usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 Aprili 2018, watu 14 waliokuwa wakisafiri kwa ski katika milima ya Valais, Uswisi, walipotea katika dhoruba karibu na mlima Pigne d'Arolla. Dhoruba ilikuwa imetangazwa. Walilala nje, na nyumba waliyoitafuta ilikuwa mita mia chache tu kutoka mahali walipokuwa. Asubuhi helikopta zikaja. Watu saba walikufa, na kiongozi wa kundi moja alikuwa miongoni mwao. Mimi siwahukumu. Aliyeketi penye jua la Kongo asijifanye hakimu wa watu walioganda. Lakini kifo chao chatulazimisha kuuliza kwa adabu lile ambalo kijana wangu aliuliza bila adabu nyingi.

Wengine husema: maisha ni yangu, nikiyahatarisha ni shauri langu. Sisi tuliofundishwa kwamba uhai ni amana hatuwezi kusema hivyo. Lakini hata asiye na dini angeona kosa la hesabu hapo, maana mtu hapotei peke yake. Akikosa kurudi, wengine watatoka. Tangu Mtakatifu Bernardo alipoianzisha nyumba ile, yapata mwaka 1050, kwenye kimo cha karibu mita 2,470, watawa na watumishi wao walishuka katika tufani kuwatafuta watu wasiowajua, baadaye pamoja na mbwa wao mashuhuri. Kengele ilipigwa wakati wa ukungu ili msafiri aifuate sauti. Palikuwapo pia chumba cha wafu, maana ardhi ile ni mwamba, wala haikuwezekana kuchimba makaburi kwa ajili ya wale waliopatikana wamekwisha kufa. (Ule mtungi mdogo wa pombe tunaouona shingoni mwa mbwa katika picha ni mapambo ya wachoraji, msiwafundishe watoto kuwa ni kweli.) Baadhi ya waokoaji wenyewe walifunikwa na theluji. Hawakuuliza kwanza kama aliyepotea alikuwa mwenye busara au mjinga.

Hapo ndipo penye ugumu. Mlango ule wa rehema ni mwema sana, na kwa sababu ni mwema mtu aweza kuutumia vibaya. Ashetani alimwambia Bwana wetu ajitupe kutoka juu ya hekalu, kwa kuwa malaika watamdaka. Malaika walikuwapo kweli, wala Bwana hakukana kwamba wapo, lakini hakujitupa. Msafiri anayesema moyoni, «Watanitafuta,» afanya hesabu kwa damu ya watu wengine.

Je, basi asitoke mtu yeyote? La, sisemi hivyo. Padri anayepeleka Mpako Mtakatifu, mganga anayeitwa kwa mama anayejifungua kwa shida, hao wana haki ya kukabili hatari ambayo mpenda matembezi hana. Lakini hata wao, nia njema haiyeyushi theluji. Kama hakuna tumaini la kufika, mgonjwa hapati kitu ila jirani wa kufa naye. Vivyo hivyo mkuu wa waokoaji awazuiaye watu wake mpaka upepo utulie hana moyo mgumu, ingawa wenye jamaa zao mlimani watamlilia.

Wala kufaulu si ushahidi. Mwezi wa Mei 1800 Napoléon alipitisha jeshi lake kwenye njia ile ya Mtakatifu Bernardo, wapata watu 40,000, theluji ingali tele, mizinga ikiburutwa ndani ya magogo yaliyochongwa. Alifika Italia akashinda. Kama dhoruba moja ya Mei ingalimkuta kileleni, twafikiri vitabu vingalimsifu?

Nimeandika haya yote juu ya nchi za mbali, nami ninayo yangu. Miaka saba iliyopita, mwishoni mwa majira ya mvua, nilivuka mto uliofurika ili niwahi sala ya Dominika katika kijiji cha pili. Wazee walinikataza. Niliwajibu kwamba natumwa na Mungu. Nilifika salama ng'ambo kwa njia nyingine ya mbali, lakini wao hawakujua. Usiku watu wawili wakaingia majini na mienge kunitafuta, na mmoja akapigwa na gogo mguuni. Nilipomweleza Padri habari za bidii yangu, aliniuliza neno moja tu: sala ile isingaliweza kuongozwa na mzee wa kijiji? Ingaliweza. Alikuwa ameiongoza mara nyingi.

Yule ndugu angali anachechemea. Tukikutana sokoni yeye ndiye wa kwanza kunisalimu, na kila mara huniuliza kama safari zangu ni njema.