Idadi ya Watoto Si Amri ya Serikali

Marais wawili wa Tanzania, wote wawili wana wa Kanisa, walilinena jambo la uzazi kwa namna mbili. Mwaka 1969, alipoueleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Julius Nyerere alikumbusha kwamba katika kuzaa binadamu na mnyama ni sawa, ila kulea na kusomesha watoto kwa miaka mingi ni wajibu wa binadamu peke yake. Mwezi Septemba 2018, mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwahimiza wananchi waache njia za kupanga uzazi, akisema wanaozitumia ni wavivu wanaoogopa kazi ya kulisha watoto.

Tangu zamani hizo hata leo, jambo hili likiletwa bungeni au jukwaani, watu hugawanyika. Hawa husema wanatetea mila, wale husema wanatetea maendeleo. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12 na zaidi. Ile ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Katika tarakimu hizo hizo mmoja asoma hatari, mwingine asoma nguvu ya taifa. Nasi twaona kwamba wote wawili wamo katika hatari ya kosa moja, yaani kumhesabu mtoto kuwa mali ya taifa kabla ya kumtambua kuwa mwana wa baba yake na mama yake.

Tuitazame kwanza hiyo mila. Je, wazee wetu walizaa ovyo? La, hasha. Katika makabila mengi mama alinyonyesha miaka miwili au zaidi, na mume alipaswa kujizuia muda huo. Aliyeshindwa alichekwa, akaambiwa amembemenda mtoto. Wazee hawakuwa na vitabu vya uganga, lakini walijua kwamba mimba ya haraka yamdhoofisha mama na kumnyang'anya mchanga haki yake. Basi anayesema kwamba kuzaa kila mwaka ndiyo desturi yetu, huyo hatetei mila. Ameisahau.

Sasa tuyatazame maendeleo. Elimu ya leo haikuja kuwaaibisha wazee. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba baada ya kujifungua ipite angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Waganga wamethibitisha pia kwamba mama anayenyonyesha mchana na usiku bila kumpa mtoto chakula kingine, naye hajarudia kuona siku zake, kwa miezi 6 ya kwanza ni vigumu kupata mimba: hawafiki 2 katika kila 100. Kule Melbourne, Australia, tangu mwaka 1953, Dk. John Billings, na baadaye mkewe, Dk. Evelyn Billings, walichunguza dalili za mwili wa mwanamke, wakawafundisha wenye ndoa kuzitambua siku za rutuba. Haya nayo ni maendeleo, wala hayagombani na mila hata kidogo.

Ugomvi huanza pale mtawala anapotaka kuamua mwenyewe. Nchini India, wakati wa Hali ya Hatari ya miaka 1975 hadi 1977, serikali ilitaka watoto wapungue. Katika mwaka mmoja tu watu wapatao milioni 8 walifungwa uzazi, wengi wao kwa kushurutishwa. Nchini Romania mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1966 Nicolae Ceaușescu alitaka watoto waongezeke, akapiga marufuku utoaji mimba, na vifaa vya kuzuia mimba vikaadimika. Mwaka uliofuata waliozaliwa walikaribia kuwa maradufu. Lakini miaka ilipopita, wanawake wengi walikufa kwa kutoa mimba kwa siri, na utawala ule ulipoanguka mwaka 1989, dunia ilistuka kuona nyumba za yatima zilivyojaa watoto waliotupwa. Mmoja alijiita mwana wa maendeleo, mwingine alijiita mlinzi wa taifa. Wote wawili waliingia chumbani mwa watu wasimokaribishwa.

Mafundisho ya Kanisa hatuyafichi. Katika waraka wa Humanae Vitae wa tarehe 25 Julai 1968, Papa Paulo VI alikataa njia za kuzuia mimba zisizo za maumbile. Lakini katika waraka huo huo alikubali kwamba wenye ndoa, kwa sababu za haki, waweza kutenganisha uzazi kwa kufuata majira ya mwili, akaonya kwamba serikali zaweza siku moja kuwalazimisha watu njia inazozipenda. Na mwaka mmoja nyuma, katika Populorum Progressio, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba dola laweza kusaidia kwa kuwapa watu maarifa, mradi lishike sheria ya maadili na kuheshimu uhuru wa wenye ndoa. Ni juu ya wazazi kuamua idadi ya watoto, wakipima wajibu wao mbele ya Mungu, mbele yao wenyewe, mbele ya watoto waliokwisha kuzaliwa, na mbele ya jamii.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, akija kwenu mtu kuomba kura, akajigamba kwamba atapunguza watoto au atawaongeza, msimshangilie upesi. Mwulizeni kwanza: Je, zahanati yetu ina mkunga? Mama atakayejifungua usiku atafikishwaje hospitali? Muuguzi ataruhusiwa kufuata dhamiri yake? Na mke na mume watafundishwa ukweli wote, au watapewa tu kile kilichofika katika sanduku?

Nasi tulio katika parokia tusiwaachie wanasiasa kazi iliyo yetu. Mafundisho ya ndoa yasiishie kwenye makatazo. Yawafundishe vijana wetu majira ya mwili, na hasa yawafundishe waume kujitawala, maana mzigo huu umeachiwa wanawake kwa muda mrefu mno. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Anayetaka kuilinda mila na aanzie hapo, na anayetaka maendeleo atamkuta hapo hapo.